Kinywa Kiende Mbele ya Gari

Mnanijia na permi mpya ya udereva mfukoni, wino wake haujakauka, mnaniambia: "Mama Nyassa, kesho tunapanda Fizi, utupatie mashauri kidogo." Kidogo! Kama vile mashauri ya barabara ni chumvi ya kutia mbogani. Natazama mikono yenu laini, nawapenda, na papo hapo nawahofia. Mimi niliendesha kamyo kwenye barabara hizi, Baraka hadi Fizi, Fizi hadi Kilembwe, mara nyingine mpaka Misisi kwenye dhahabu, na huku chini kando ya ziwa mpaka Nundu, kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Sasa magoti yamekataa klachi, ila mdomo bado unafanya kazi. Kaeni basi. Wenye haraka watangulie, tutawakuta njiani wakibadilisha gurudumu.

Kwanza muelewe jinsi mwanamke alivyofika kwenye usukani, maana najua mnaulizana nyuma ya mgongo wangu. Ilikuwa miaka ya vita. Kijana wa kiume aliyejua kuendesha alikuwa mali ya yeyote mwenye bunduki. Kwenye kizuizi cha kwanza wanamchukua yeye na gari lake, na mama yake akimwona tena ni bahati. Wengi walivuka ziwa kwenda Tanzania, kaka yangu akiwamo. Mama Feza, jirani yetu hapa Baraka, alikuwa na kamyo moja la kubeba mawese, chumvi na sabuni, lenye pua ndefu na rangi ya bluu iliyobaki mlangoni tu. Dereva aliyembakia alikuwa mmoja, Papa Asukulu, mzee mwenye mvi, mwembamba, mchache wa maneno. Alihitaji mtu wa kuketi kando yake na kujifunza. Mama Feza akanikuta sokoni nauza ndagala, akanivuta pembeni.

"Muzee na mwanamuke," akasema, "nani atababeba kuenda kupigana? Bataona muko ba bule, batawaacha mupite."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Nilikubali kabla hajamaliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kunuka samaki.

Siku ya kwanza nilifika alfajiri na kitenge kipya. Papa Asukulu alikuwa amesimama uani ameshika fimbo mbili, akanipa moja.

"Gari iko wapi, Papa?"

"Gari inalala. Leo tunaenda na miguu. Barabara yenye haukutembea na miguu haitakuheshimu."

Tukatembea kutoka Baraka hadi Fizi, kutwa nzima, tukalala kwa dada yake, na kesho yake tukarudi vilevile. Ninyi mnacheka, lakini hakuna somo la udereva lililonifaa kuliko lile. Kila shimo alinitaka nitumbukize fimbo na kusema maji yamefika wapi. Kila daraja nihesabu mbao na kuzikanyaga moja moja. Kwenye mlima aliniambia nisikilize mapaja yangu. Pale mapaja yanapoanza kuuma, ndipo kamyo linapotaka vitesi, yaani gia, ya pili, na pale unaposimama kushika kiuno, ndipo linapotaka ya kwanza. Mpaka leo naijua ile njia kwa mapaja. Kwenye mawe mengi alikuwa akinishika bega, nami nilidhani ni uzee.

Karibu na juu, kwenye kona moja, aliniambia nigeuke nyuma. Nilizaliwa kando ya ziwa lile, nimeoga humo, nimefua humo, nimeuza samaki wake. Sikuwa nimeliona. Lilikuwa limelala kuanzia miguuni mwetu hadi pale macho yanapokoma, milima ya Ubwari ikiwa imeingia ndani yake, na Baraka yote, na watu wake wote na vita vyote, ikiwa kama ukoko uliobaki pembeni mwa sufuria. Nikasema, "Papa, ni mukubwa hivi?" Akajibu, "Na we ulitaka kuipita na mwendo kasi." Kisha akaniuliza maji yana rangi gani leo. Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonjeshwa chakula cha zamani.

Baada ya hapo ndipo nikaruhusiwa kuligusa gari. Si kuliendesha, kuligusa. Kila asubuhi nilizunguka kamyo zima mkono wangu ukiwa juu ya bati, nikigonga magurudumu kwa fimbo. Gurudumu lenye pumzi ya kutosha linajibu kwa sauti ya ngoma, lililolegea linajibu kama godoro. Nilijifunza kuziba tangi linalovuja kwa kipande cha sabuni, na hilo lichukueni, litawasaidia siku ambayo fundi yuko mbali. Nilijifunza kuendesha bila viatu, kwa sababu breki inaanza kuugua kabla haijafa, na unyayo ndio unaosikia homa yake. Nilijifunza kubeba kipande cha mti mgumu cha kuweka nyuma ya gurudumu mlimani, kile mnachoita kale, na kukilaza karibu na mlango, si chini ya magunia kumi ya chumvi kama nilivyofanya mimi mara moja, nikatukanwa kwa Kibembe kuanzia Fizi hadi chini.

Na ile ya kushuka mlima gari likiwa halina vitesi ili kubana mafuta, najua mnaifanya. Sisi nasi mazuto ilikuwa adimu kuliko dawa, na madereva wazima na akili zao walikuwa wanaachia gari lijishukie lenyewe. Nilimwambia Papa Asukulu kwamba fulani anafanya hivyo na hufika Baraka na tangi nusu. Akaniuliza, "Na iko wapi leo, ule fulani?" Nilikuwa nimesahau kwamba tulimzika. Vitesi uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Andikeni mahali.

Vita navyo vilikuwa na masomo yake. Asubuhi ukiona hakuna alama mpya ya baiskeli njiani, simama ujiulize watu wameenda wapi. Ukikutana na akina mama wanarudi na mizigo kichwani kabla soko halijafunguliwa, geuza gari, usiwaulize mengi, huko walikotoka hakuna soko leo. Kwenye kizuizi simama mbali, zima moto, mikono juu ya usukani, na uamkie kabla hujaamkiwa. Na ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, mtu amekuandikia barua: mbele kuna kitu.

Sasa niwaambie kazi niliyopewa hasa. Papa Asukulu aliponiketisha kando yake mara ya kwanza, aliniambia nitaje njia.

"Nitaje nini?"

"Yote. Shimo, jiwe, mbuzi, mutoto, mbao ya daraja. Sema kile unaona tu, na useme mbele ya kufika. Kinywa yako iende mbele ya gari."

Basi nikawa nataja, kutwa. "Shimo kushoto, refu. Mama na baiskeli. Mchanga. Maji, hayana kina, naona mawe. Mbuzi wawili, mmoja mjinga." Jioni sauti ilikuwa imekwisha, nikawa naongea na mama yangu kwa ishara. Siku moja askari wa kizuizi alitusikia tangu mbali, akamuuliza Papa: "Na huyu mama anapiga kelele ya nini?" Papa akamjibu bila kucheka, "Ni redio ya gari, shefu. Ile ingine ilikufa." Yule askari alicheka hadi akasahau kutukagua.

Nilidhani ni njia ya kumfunza mwanafunzi asisinzie. Na ni kweli, inafunza. Ukitaja njia huwezi kuwaza mchumba wako. Lakini kilichonishangaza ni yeye. Nikitaja shimo tu, mikono yake inaanza kugeuka, na gurudumu linapita ukingoni mwa lile shimo kana kwamba amelipima. Nilipoanza kushika usukani huku chini, kwenye tambarare ya kwenda Nundu, alikuwa anaketi upande wangu amefumba macho, na bado ananiambia: "Sasa mchanga unaisha. Punguza, kuko daraja." Na daraja linatokea. Alikuwa anaijua barabara kwa sauti ya magurudumu, jinsi mnavyojua hatua za mama yenu akiingia ndani. Nilimwogopa jinsi watu wanavyoogopa kanisani. Nyumbani nilisema, yule si dereva, yule ni kitu kingine.

Mazoea yana taabu. Mwezi wa nne au wa tano nilikuwa nimeijua njia ya Fizi kama sala ya Baba Yetu. Siku hiyo tulikuwa tunapanda tumejaza chumvi, na juu ya magunia abiria wachache. Nilikuwa nimechoka, nimegeuza uso kutazama watu wanaolima mihogo, na mdomo unajiendea wenyewe. "Kona. Jiwe jeupe. Mteremko kidogo. Daraja, mbao sita, nzima."

Gari likaanguka kwa mbele.

Sijui niwaambieje mlio ule. Kichwa changu kilipiga kioo, magunia yakasukuma ukuta wa nyuma, na mama mmoja huko juu akaita jina la Yesu mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeita jirani. Kisha kimya, na maji ya kijito yanapita chini yetu. Gurudumu la mbele lilikuwa limeingia kwenye nafasi tupu na kamyo limeegemea tumbo. Papa Asukulu hakunigombeza. Mikono yake ilikuwa bado juu ya usukani.

"Mbao ziko ngapi?" akauliza.

Nikatazama. "Mbili."

"Uliniambia sita."

Nikawa mkali, kama mtu yeyote mwenye kosa. "Na wewe Papa, si uko na macho? Si uliona?"

"Mi sikuona, Nyassa. Mwaka wa pili sasa sioni mbao. Naona mwangaza, naona giza, naona barabara kama vile kitambaa cheupe. Ile ingine yote ni wewe."

Wanangu, nilikaa pale damu inanishuka kwenye nyusi. Miezi yote ile, mlima wote ule, kona zile juu ya bonde, zilikuwa zimepita kinywani mwangu. Kila nilipokohoa alikuwa kipofu. Kila nilipopiga mwayo watu wote wa juu ya magunia walikuwa mikononi mwa mtu asiyeona. Nilishuka, nikanawa damu majini.

Huko nyuma, hatua thelathini kutoka darajani, nikayaona matawi. Matatu, mabichi, yamelazwa njiani vizuri, na gurudumu letu limeyapita katikati. Wenye kijiji walikuwa wametoa zile mbao usiku ili magari ya wenye silaha yasiwafikie, na wakaweka barua kwa watu wema. Mimi nilikuwa nasoma barua ya juzi.

Walikuja wenyewe kutusaidia, wanaume kwa wanawake, na wachungaji watatu wa kutoka milimani waliokuwa wanapita na ng'ombe wao, watu ambao miaka ile tulikatazwa hata kuwaamkia. Walitoa kamba zao, wakaingia majini, wakaweka mabega chini ya bati pamoja na watu wa kijiji. Mmoja akahesabu, na lile kamyo, na chumvi yake yote, likainuka. Nimeona mashine nyingi za kunyanyua tangu siku ile, na hakuna iliyonifunga mdomo vile. Mbao zikatoka kwenye shamba la mihogo zilikofichwa, tukavuka, zikarudi shambani kabla hatujapotea konani.

Tulipofika Fizi niliushika usukani, nikamwambia: "Papa, mi ndiye nashika vola kwa kushuka. Kama hapana, ninamwambia Mama Feza."

"Hauyakuwa tayari kwa mulima."

"Na wewe haukuwa tayari kwa daraja."

Alikuwa amelea watoto saba kwa gari lile. Akaniomba tungoje siku chache, tutafute maneno ya kumwambia Mama Feza. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na huruma naye, na zaidi ya yote nilikuwa naogopa ule mlima, kwa hiyo nusu yangu ilitamani akatae.

Ndipo akaja prefe, mkuu wa sekondari ya pale Fizi, kofia mkononi. Alikuwa na wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa mwisho. Mtihani wa serikali ulikuwa unaanza Baraka Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mwaka uliotangulia mapigano yaliwazuia, wakakosa. Wakikosa tena, alisema, wavulana wataenda kuchimba dhahabu au kushika bunduki, wasichana wataolewa, na shule itabaki yeye na ubao wake. Kwa miguu hawawezi kushuka, kwa sababu huko msituni vijana wanakamatwa kubebeshwa mizigo. Kwenye gari wangeweza. Alikuwa amezunguka wiki nzima kwa wakubwa wa pande zote, akapata barua yenye mihuri ya kuruhusu gari moja lipite na wanafunzi, siku moja, Jumapili. Gari lililokuwapo Fizi lilikuwa letu.

Papa Asukulu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dereva ni huyu," akaninyooshea kidole. Alikosea kidogo, kidole kikaenda mlangoni, lakini prefe hakuona.

Jumapili tulianza jua limeshatoka vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilizunguka kamyo mara tatu, nikigonga magurudumu mpaka wanafunzi wakacheka. Nilikuwa nimekalia kopo la mawese lililofunikwa gunia, maana kiti kilikuwa kifupi kwangu, na miguu yangu mitupu ilikuwa juu ya pedali. Upande wangu ulikuwa mlima, upande wa Papa lilikuwa bonde. Nyuma, wale kumi na wanne, prefe akiwa kati yao, walikuwa wanaulizana maswali ya hesabu kwa sauti. Nilitaja njia kutoka mita ya kwanza, nikiangalia kila kitu kana kwamba sijawahi kupita pale. Papa alikuwa ananijibu kwa masikio. "Motere inalia, weka ya pili. Usiguse freni, iache ipumzike. Sasa gusa, kidogo. Tena. Achia." Tulikwenda hivyo, kinywa changu na masikio yake, na nikaanza kufikiri kwamba tutafika tukiwa watu wawili wa kutengeneza dereva mmoja.

Kwenye kona ile ya kutazamia ziwa nikasimamisha. Nusu ya barabara haikuwapo. Mvua ilikuwa imeula ukingo wa nje, udongo mwekundu mpya umeshuka bondeni, na kilichobaki kilikuwa upana wa kamyo na kiganja, labda viganja viwili. Nilishuka nikapima kwa fimbo. Nikarudi, nikamweleza Papa yote: mlima uko wapi, udongo uko laini wapi, jiwe gani limetokeza. Nikangoja aniambie la kufanya.

"Mi sijui," akasema.

"Papa, tafazali."

"Hii iko mupya. Kila kitu najua ni ya zamani. We ndiye unaona. Unasema nini?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulia. Ziwa lote lilikuwa pale chini linameta, kubwa, halina habari nasi. Nikafikiri kurudi, lakini hakukuwa na mahali pa kugeuzia, na barua ya prefe ilikuwa ya siku ile tu. Nikasema wanafunzi wote washuke, wapite kwa miguu wakigusa mlima, wakaningoje ng'ambo. Wakashuka. Nikageuka kwa Papa.

"Na wewe, Papa. Shuka."

"Dereva hashukake kwa gari yake."

"Dereva ni nani leo?"

Sikuwahi kusema neno gumu kuliko lile, wala baadaye sikulirudia kwa mtu yeyote. Papa akafungua mlango, akatafuta kidaraja cha kukanyagia kwa mguu, akakikosa, akanyoosha mkono hewani. Mkono ukabaki hivyo, haujui pa kwenda. Msichana mmoja mdogo wa umbo, Sifa, akaelewa kabla ya wengine, akaja akaushika. Wale kumi na wanne waliona. Prefe alivua kofia. Nilijisikia nimemvua mzee nguo mbele ya watoto, nami nikiwa nimemfanyia hivyo mtu niliyemheshimu kuliko baba yangu. Akaondoka polepole, bega lake likigusa mlima, mkono wake ndani ya mkono wa Sifa, na njia nzima nilimsikia yule mtoto akimtajia: "Jiwe, Babu. Matope. Inua muguu."

Nikabaki peke yangu. Nikaweka vitesi ya kwanza. Nikataja, ingawa hapakuwa na wa kunisikia. "Mlima, kiganja kimoja. Jiwe linatokeza, karibu na kioo. Udongo mgumu. Bado mgumu." Kioo cha pembeni kikagusa mwamba. Nikakiacha kivunjike, maana kukiokoa kungenipeleka bondeni. Bati la mlango likakwaruza mlima kwa mlio wa kusaga meno, na kile kipande cha mwisho cha rangi ya bluu kikabaki pale mwambani. Katikati ya kona kamyo lilifanya jambo ambalo sikuwa nalijua. Lilikuwa jepesi. Kwa muda wa pumzi moja nyuma yangu palikuwa kama hapana kitu, nikasikia ubaridi kwenye unyayo, kisha uzito ukarudi kwa kishindo kidogo, na nikaendelea kutaja, "Mgumu. Mgumu. Mpana. Mpana," mpaka nikaona nyuso za wanafunzi mbele yangu na nikagundua nilikuwa napiga kelele.

Tulifika Baraka jua likiwa bado juu. Jumatatu asubuhi waliingia mtihanini wote kumi na wanne, na wengi wao walifaulu. Mmoja wao ndiye anayewaandikia dawa hapo hospitalini, msimwambie nimesema.

Papa Asukulu alikwenda mwenyewe kwa Mama Feza, peke yake, kwa kufuata ukuta. Sijui walisemezana nini. Alipotoka, ufunguo wa kamyo ulikuwa mkononi mwangu, na yeye akawa mtu wa kuketi upande wa bonde. Tukaendelea hivyo miaka mitatu, hadi alipofariki. Lakini ile Jumatatu, wanafunzi wakiandika, tuliketi wawili kwenye kidaraja cha kamyo, na nikashindwa kujizuia.

"Papa, pale kwenye kona. Ulisikia kitu?"

"Nilisikia."

"Nini?"

"Pine, gurudumu ya nyuma, ya upande ya bonde. Ilikosa udongo. Ilizunguka bule."

Nikamwambia, "Na haukuniita? Haukusema hata neno moja?"

"Batoto balitaka kupiga kelele, nikabaambia banyamaze. Ule Sifa nilimufinya mukono sana, niombee kwake musamaha." Akageuza uso wake kule sauti yangu ilikotoka. "Ningekuita, Nyassa, ungenitazama."

Kesho nitapanda na ninyi, nimekwisha kuahidi. Mkifika kwenye kona ile mkahisi nimekaza midomo na kushika kiti, msigeuke. Tazameni mbele.